Kiwanja Kisicholaliwa

Kilima cha Santa Úrsula, Lima
9 Aprili 2016

Mdogo wangu Saturnino,

Barua hii ikikufika huko kwenye baridi yako ya samaki, jua kwamba sisi sote wazima. Jacinta mke wangu hajambo isipokuwa goti. Binti yako Maricielo ni mzima kuliko sote, anakula kama mvunja mawe. Mimi usiniulize. Juzi nilipandisha mitungi mitatu ya gesi kutoka barabara kuu hadi mlangoni kwangu, miwili mabegani na wa tatu nimeung'ata kwa meno, na wajane wawili walisimama njiani kunitazama. Wengine hapa mlimani wakibeba mmoja wanalala siku mbili.

Sasa sikiliza mambo. Shuleni kwa Maricielo manispaa imeleta kompyuta, na pamoja nazo kijana mmoja anaitwa mwalimu Wilmer, mwenye ndevu chache unazoweza kuzipa majina. Unadhani wanafundishwa hesabu? Wanacheza. Ni mchezo wa kujenga kwa matofali ndani ya kioo. Watoto wa kidato cha pili wanajenga mlima wetu wote, nyumba kwa nyumba, ngazi kwa ngazi. Wakishamaliza wanaongeza juu yake kitu kimoja ambacho mlima unakikosa, mkutano wa wakazi unapiga kura, na manispaa inaleta saruji kukijenga kweli. Sisi tumepeleka maombi yenye mihuri tangu Maricielo hajazaliwa, hakuna aliyetujibu hata kwa chafya. Leo wanaulizwa watoto wanaocheza. Sisemi naona wivu. Nasema tu kwamba mimi pia ningeweza kucheza, kama kucheza ndiko kulikokuwa kunatakiwa.

Lakini furahi: Maricielo amechaguliwa kuwa msimamizi wa ujenzi. Ni damu hiyo. Hakuitoa kwako wewe, uliyejenga banda likawaangukia kuku.

Kiwanja chako usikihofie. Sheria ya mlima unaijua: kiwanja kisicholaliwa kinarudi kwa mkutano, apewe atakayelala. Hilario anakinyemelea kama paka kwenye jiko la jirani, anakitaka kwa ajili ya mkwe wake. Lakini mimi nipo. Nimetundika mashati mawili kambani, jioni nawasha taa, na nimemhamishia hapo chura wangu wa shaba. Kila Jumapili wanaume wanakuja kushindana kumrushia visahani vya chuma mdomoni, na kelele zetu zinatosha familia ya watu saba. Nani atasema hapakaliwi? Ndipo mahali pekee penye ubapa mlima mzima, na ubapa huo ulipatikana kwa sababu nilishika sururu mimi. Usiku mmoja nililivunja lile jiwe lenye ukubwa wa basi, cheche zikaonekana hadi baharini, mabaharia wakadhani ni mnara wa taa wakageuza meli. Wewe ulikuwa umeshika ndoo.

Jambo moja tu linanikereketa. Walipobatiza tangi la maji siku ya kulizindua, nani aliitwa baba wa ubatizo akapewa nyundo yenye utepe avunje chungu? Hilario. Mtu ambaye kila siku ya msaragambo, tukiitwa kazi ya pamoja, mgongo wake unaugua. Na mimi niliyejenga ngazi hii wanayopanda wote, pamoja na yeye na mgongo wake, sijawahi kuwa baba wa ubatizo wa hata bomba.

Nakusalimu,
kaka yako,
Eleodoro Huamaní, fundi


Visiwa vya Kusini, Chile
20 Mei

Kaka Eleodoro, shikamoo.

Boti ya vyakula imeleta barua yako. Simu haishiki huku majini, kwa hiyo karatasi yako tumeisubiri kama mkate. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilimtafuta mwanangu ndani yake, mara ya pili nikamtafuta tena. Kila mahali nimekukuta wewe.

Kuhusu jiwe, nilikuwepo. Nilipiga sururu kila Jumapili kwa miaka miwili, na wewe ulikuwa unaniletea mishikaki ya moyo wa ng'ombe, ukifika na kijiti kitupu. Lakini simulia utakavyo. Nani amewahi kukuzuia?

Huku mvua hainyeshi, inakaa tu. Tunalisha samaki, tunashona nyavu, usiku simba wa bahari wanazirarua, asubuhi tunashona tena. Kuna wanaume kumi na kila mmoja ana picha ya nyumba ukutani kwake. Mimi sina picha kwa sababu sina nyumba. Nina ubapa.

Maricielo ameniandikia mistari sita. Minne inaanza na "Baba Mkubwa anasema". Baba Mkubwa anasema samaki wa huko wana meno ya dhahabu. Baba Mkubwa anasema aliwahi kukubeba wewe na punda kwa pamoja. Nashukuru kwa kumlea, kaka, tangu mama yake atutoke. Wala sina neno. Ila mtu akikaa mbali anajifunza kusikia ndani ya karatasi nani anachekesha nyumba.

Naomba kitu kimoja. Mwambie ajenge nyumba yangu katika mchezo wao. Vyumba viwili, dirisha upande wa bahari. Nimechora nyuma ya karatasi hii. Mkutano ukiiona kwenye kioo, hata Hilario ataacha kunyemelea. Wajue kwamba pana mwenyewe na anarudi. Nikijaliwa, Desemba.

Mdogo wako,
Saturnino


Kilima cha Santa Úrsula
3 Julai

Saturnino,

Mchoro wako umefika. Jacinta aliugeuza huku na huku akadhani ni ramani ya choo.

Wiki iliyopita shule iliwaita wazazi kuja kuutazama mchezo. Nikaenda mimi, kwa kuwa mzazi mmoja wa yule mtoto yuko mbinguni na mwingine yuko kwa samaki. Nilivaa suti yangu ya harusi, ambayo bado inanienea kama siku ile. Jacinta akikuambia amefungua mishono, usimsikilize.

Bwana wee, mlima wetu umo ndani ya kioo. Mbwa wapo, matangi ya plastiki ya bluu yapo, hata vyuma vinavyochomoza juu ya paa langu vikingoja ghorofa vipo. Nikamwambia yule Wilmer, "Mwalimu, umesahau ukungu. Mlima usio na ukungu si wetu." Akajibu kwa adabu, "Don Eleodoro, tutauweka." Maricielo akaingilia, "Mwalimu Wilmer ameshanionyesha namna ya kuuweka, Baba Mkubwa."

Mwalimu Wilmer hivi, mwalimu Wilmer vile. Zamani nikisimulia mezani jinsi nilivyomkimbiza mwizi kwa miguu hadi Arequipa, mwendo wa siku nzima kwa basi, mtoto alikuwa anaacha kijiko hewani. Siku hizi ananiambia, "Ngoja kidogo, mwalimu Wilmer ametufundisha kipimo cha ramani," halafu ananipimia. Mimi, Saturnino. Ninapimiwa nyumbani kwangu, na mtu mwenye ndevu saba.

Nikaomba kipanya nijaribu. Wazee wenzangu wote walikuwa wamejibanza ukutani wakiogopa kukishika. Nikakaa. Nikajiona mwenyewe humo, kijitu cha pembepembe, nimesimama juu ya ngazi yangu. Nikasema, ngoja nishuke kama mwenye mji. Niligusa kidogo tu. Nikaporomoka mlima mzima nikatua ndani ya zizi la nguruwe la Hilario. Watoto walicheka mpaka mmoja akatolewa nje. Nikawaambia nilikuwa ninakagua zizi.

Kitu kimoja kimenichoma. Wameweka vibao. Penye tangi wameandika "Tangi la maji, baba wa ubatizo don Hilario". Penye ngazi wameandika "Ngazi". Basi. Ngazi, kana kwamba iliota yenyewe baada ya mvua.

Umeuliza nyumba yako. Ipo. Vyumba viwili ni nini? Mtoto amekujengea ghorofa mbili, paa jekundu, dirisha pana linatazama bahari. Watu walisimama mbele yake kama mbele ya altare. Hilario alikohoa akaenda kutafuta maji. Lala usingizi wako.

Mimi siku hizi napitisha usiku mmoja mmoja hapo kiwanjani kwako, chini ya mkeka wa matete, kwa ajili ya hewa safi. Daktari amesema mapafu yangu ni ya kijana wa miaka ishirini, akataka kuwaita wenzake waje waone.

Eleodoro, fundi


Kilima cha Santa Úrsula
31 Julai

Baba, shikamoo.

Barua hii nimeipeleka mwenyewe kwenye duka la vifurushi. Sikuiweka pamoja na ya Baba Mkubwa kwa sababu yeye hufungua zangu na kuongeza maneno. Ile habari ya meno ya dhahabu hakuisema. Aliiandika yeye, kwa mwandiko wa kuiga wangu.

Amekuambia nyumba yako ipo kwenye mchezo. Haipo. Tafadhali usimgombeze. Alinisihi niiweke, na mchoro wako tuliutandika mezani tukautazama wote watatu. Lakini mwalimu ametupa sheria moja. Sehemu ya kwanza ni kuweka kilichopo, hata kama hukipendi. Kisichokuwepo kinangoja sehemu ya pili. Kwa hiyo tunapita kila mlango tunabisha hodi, tunauliza, "Nani analala hapa?" Wakituambia watano, tunaweka vitanda vitano.

Kwenye kiwanja chetu niliona haya kubisha, na hakuna mlango. Niliweka kamba, mashati mawili na chura. Wenzangu wakaanza kucheka. Wakasema mashati ya don Eleodoro ndiyo pekee mlimani yasiyochafuka. Kumbe watu wote wanajua, Baba. Wanamnyamazia kwa sababu wanampenda.

Sasa tumefika sehemu ya pili. Unakumbuka mpira ukituponyoka unateremka ngazi yote hadi barabara kuu, na lazima mtu aufuate. Mwaka jana aliufuata Yerson, lori likamgonga. Anatembea kwa gongo. Darasa zima linataka uwanja wenye wavu, na penye ubapa ni hapo petu tu. Mwalimu alisema walioafiki wainue mikono, wakainua wote, halafu wakanitazama mimi kwa kuwa ni msimamizi. Sikuinua. Sikusema hapana pia. Niliomba ruhusa ya kwenda chooni nikakaa huko.

Tangu Baba Mkubwa asikie hayo, analala kiwanjani kila siku ili mtu akiuliza iwe kweli. Si hewa safi. Mkeka unadondosha ukungu na anakohoa. Mama Mkubwa Jacinta humpelekea maji moto ya majani, anampa huku anamtukana. Anamwambia, "Mwanamume mzima unaatamia ardhi kama kuku. Unataka kuangua nini?" Yeye hujibu kwamba huko juu nyota huja kumsalimia kwa jina.

Mkutano ni mwisho wa Septemba. Naomba unijibu kitu kimoja, na usinichoree. Desemba unarudi? Kama unarudi nitaweka nyumba, na nitawaambia wenzangu hapana, hata wakininunia mpaka tumalize shule. Kama hurudi niambie tu, niweke kilicho kweli.

Mwanao,
Maricielo


Visiwa vya Kusini
25 Agosti

Eleodoro,

Leo hakuna shikamoo.

Umeniandikia ghorofa mbili na paa jekundu. Unajua nilifanya nini na ghorofa zako mbili? Niliwasimulia wenzangu. Walinipongeza, mmoja akatoa chupa aliyokuwa ameificha kwa ajili ya Krismasi. Kila siku nikijilaza natembea vyumba vile. Nilikuwa nimeshachagua rangi ya ukuta wa chumba cha Maricielo. Halafu inakuja karatasi ya mtoto wa miaka kumi na mitatu kunitoa nje ya nyumba yangu.

Sasa naona vizuri kuliko nilipokuwa karibu. Hukujaliwa mtoto, ukapata wangu. Hukuwa na ubapa, ukapata wangu. Jiwe nililolivunja mimi, umelichukua miaka yote hii, nikakuachia, nikasema ni maneno tu ya kaka. Umemweka chura wako mahali pa kitanda changu. Na juu ya hayo unapewa kicheko cha mwanangu kila siku mezani, bure, pamoja na supu. Mimi napata mistari sita na swali.

Na usiniambie unakohoa kwa ajili yangu. Sikukuomba. Hilario anataka kiwanja kwa ajili ya mkwe wake, walau anasema wazi. Wewe unakitaka ukiwa umelala, umejifunika mkeka, ili baadaye usimulie.

Ondoka kiwanjani kwangu. Toa taa, toa mashati, toa chura. Sitaki mtu alale badala yangu.

Mwambie Maricielo nitamjibu.

Saturnino


Kilima cha Santa Úrsula
9 Oktoba

Saturnino,

Umesema niondoke, nimeondoka siku ileile, barua yako ikiwa bado mkononi. Chura nilimbeba mgongoni na hakuna aliyethubutu kunisaidia, nilivyokuwa nimekunja uso. Taa nimezima. Mashati nimeyavaa yote mawili, moja juu ya jingine, kwa hasira. Jacinta akaniuliza, "Umeshaangua?" Nikamalizia kufunga vifungo vya shati la juu.

Kwa hiyo mkutano ulipofika, kiwanja chako kilikuwa kitupu kama kiganja. Ulitaka hivyo.

Maricielo alikuwa anapita duka la vifurushi kila akitoka shule. Barua yako kwake haikufika. Sina la kuongeza hapo, na unajua mimi huwa nina la kuongeza.

Wilmer alitundika shuka jeupe kwenye ukuta wa kanisa, akamulika mlima wetu juu yake. Ungewaona watu. "Ile kamba ya nguo ni yangu." "Mbona mlango wangu wameupaka kijani?" "Kwa sababu ni wa kijani, mama." Ukungu waliuweka kweli, nilikuwa nimewaambia mimi. Halafu watoto wakaonyesha uwanja wao, na vijitu vya pembepembe vikacheza mpira, na mpira ukigonga wavu unarudi. Yerson alikuwa mbele kabisa na gongo lake. Kila mpira uliporudi alitikisa kichwa kidogo, kama mtu anayehakiki.

Mwenyekiti akamuuliza Maricielo, "Binti, kabla ya kura. Hapo mnapotaka kujenga, nani analala?"

Mlima mzima ukanigeukia. Uongo wangu ulikuwa umeshavaa viatu, unangoja kufunguliwa mlango tu. Ningesema "Mimi," hakuna ambaye angebisha. Wangecheka wakapita. Nikamtazama mtoto. Alikuwa ameshika kipanya kwa mikono miwili kama kifaranga. Nikaumeza, Saturnino. Ulinikwaruza koo, na ndiyo sababu bado nakohoa, si baridi.

Maricielo akasema, "Hapalali mtu. Ni cha baba yangu, na baba yangu hajanijibu."

Ndipo Hilario akasimama, mgongo umenyooka ghafla kama wa askari. "Basi sheria ni sheria. Mkwe wangu hana pa kulala. Apewe yeye."

Nikamwambia, "Kaa, Hilario, msaragambo ni kesho, utauumiza mapema." Watu wakacheka, na wakishacheka wanasikiliza. Nikapanda jukwaani bila kualikwa. Nikawauliza, mnadhani mlima huzaa sakafu? Ule ubapa umetoka wapi? Nikawaambia usiku mmoja Saturnino Huamaní, mdogo wangu, mwembamba kama ufito, alilivunja jiwe lenye ukubwa wa basi kwa sururu moja, cheche zikafika baharini, mabaharia wakadhani ni mnara wa taa wakageuza meli, na hadi leo kuna nahodha anayeulizia ile taa imehamia wapi.

Mzee mmoja akasema, "Don Eleodoro, siku zote umetuambia ni wewe."

"Mimi nilikuwa nimeshika ndoo," nikamwambia. "Na mtu aliyelivunja jiwe lile hakulivunja kwa ajili ya mkwe wa mtu. Ama alale hapo yeye, ama wakimbie hapo watoto. Hakuna njia ya tatu."

Mikono ikainuka. Ya watoto haikuhesabiwa lakini waliinua. Maricielo aliinua wake mwisho kabisa, akiwa anatazama chini. Kiwanja kimeondoka, mdogo wangu. Ni uwanja.

Sasa nikueleze jambo ambalo limeninyima usingizi. Walipiga makofi. Mimi nimelisimulia jiwe lile tangu suti yangu ilipokuwa mpya, kwenye harusi, matanga na foleni za maji, na sijawahi kupigiwa hata kofi moja. Nikaliweka jina lako mara moja tu, wakasimama. Wanawake walijifuta macho. Kumbe hadithi ile ilikuwa nguo yako, mimi nilikuwa naivaa ikinibana. Nimeona wivu mpaka Jacinta akanipa bikaboneti ya kiungulia.

Baadaye mwenyekiti akasema uwanja unahitaji baba wa ubatizo, na kwa kuwa mwenyewe hayupo, labda kaka yake. Nilikubali kabla hajafika mwisho wa sentensi. Nyundo ni yangu. Hilario ndiye atakayening'iniza chungu.

La mwisho, na hili nimeliandikisha mbele ya mkutano, mwenyekiti na mashahidi wakaweka sahihi. Nakupa hewa yangu. Vile vyuma vya juu ya paa vilivyokuwa vikingoja ghorofa ya pili, havingoji tena ya kwangu. Hewa yote iliyo juu ya nyumba yangu, kutoka zege kwenda juu hadi kwa Mungu, ni yako ujenge vyumba viwili na dirisha lako. Hapo hakuna sheria ya kulala, maana chini yako nitakuwa nimelala mimi. Nitakusikia ukitembea juu ya kichwa changu kila asubuhi. Ndivyo ulivyotaka tangu utotoni.

Eleodoro Huamaní,
fundi na baba wa ubatizo

Baba, ni mimi Maricielo, naongeza hapa chini yeye akiwa anakunywa dawa. Hakusema kwamba sauti ilimkatika alipotaja jina lako, akaomba maji, akasingizia vumbi. Kwenye mchezo, juu ya paa lake, nimeweka nyumba ya vyumba viwili. Sehemu ya pili inaruhusu. Wenzangu waliniuliza nani analala hapo, nikaandika kibao: "Bado." Penye uwanja nimeandika "Palichongwa na Saturnino Huamaní". Baba Mkubwa alipokiona alikwenda kufagia ngazi yake mpaka jioni, kwa hiyo nikaenda penye ngazi nikaongeza jina lake. Ameniomba niandike kwa herufi kubwa zaidi.


Visiwa vya Kusini
14 Novemba

Kaka Eleodoro, shikamoo. Chukua mbili, moja ni ya Agosti.

Maricielo, mwanangu, hii nusu ya kwanza ni yako, na Baba Mkubwa asiongeze neno. Desemba sirudi. Mkataba nilikuwa nimeshausaini hadi Machi hata kabla hujaniuliza, na nilianza kukujibu mara nyingi, kila mara kalamu ikachora nyumba. Uliweka kilicho kweli. Hukunikosea. Machi nitapanda ngazi ile na begi langu, na ukitaka kunipima kwa kipimo cha mwalimu Wilmer, nipime, ni umbali uleule kuja na kwenda.

Kaka, sasa wewe. Nimewasimulia wenzangu huku jinsi nilivyolivunja jiwe kwa usiku mmoja. Nilikusudia kusema miaka miwili. Nilipofika kwenye cheche nikaona wote wameacha kushona nyavu, nikaendelea. Sasa naelewa kidogo ulivyo, na naelewa pia umenipa nini.

Vunja chungu siku ikifika. Nitakuwa huku nashona, nikikuonea wivu wa nyundo hiyo, na utakapoandika kwamba ulikivunja kwa pigo moja nitamuuliza Jacinta.

Hewa nimeipokea. Dirisha liwe upande wa bahari, na chumba kimoja kiwe cha Maricielo, asogee juu akitaka, abaki chini akitaka. Sitamvuta.

Ila sharti moja. Zege, kuta, paa, tushirikiane. Ngazi ya kupandia kwangu nitaijenga mwenyewe, peke yangu, usiniletee hata ndoo. Ukiijenga wewe, nitaisikia hadithi yake mpaka nife.

Mdogo wako,
Saturnino